Tai Aliyeacha Kutembea

Nyinyi wa pale kwa kinyozi mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu kwa sababu mwingine alikuwa anaingia. Haya, naandika mara moja, mpeane karatasi, kisha mniache nikae. Na lile bao la Jumapili mlilokosa kwa ajili yangu, nitalifikia. Msiharakishe.

Kukaa ndiyo kazi ninayoijua. Duka langu la nyaya na balbu liko mbele ya nyumba yangu ili nisivuke barabara. Safari yangu ndefu kabla ya hii ilikuwa kwenda hoteli ya Karavia kuangalia watu wakiogelea, na hata siku ile nilirudi mapema kwa kuwa viti vya pale havina mgongo. Mkaniita Kabati. Nililipokea jina bila kinyongo. Kabati lina mahali pake, na likihamishwa sahani zinavunjika.

Aliyelihamisha ni Donatien, kaka wa mke wangu. Mnamjua, yule mrefu anayekuja mara mbili kwa mwaka na uso uliochomwa na jua, anakula kimya na kuondoka. Kazi yake ni kuwafuata ndege wakubwa wala nyama. Anawategea, anawakamata, anawafunga mgongoni kisanduku kidogo kama kiberiti chenye waya mwembamba nyuma, kisha anawaachia. Kisanduku kinatuma mlio ambao sikio halisikii, ila mashine yake inausikia: tik, tik, tik. Kwa antena ya mkononi anajua mlio unatoka upande gani. Lakini upande peke yake hautoshi. Lazima watu wawili wasimame sehemu mbili zilizoachana, kila mmoja achore mstari kwenye ramani kutoka aliposimama kuelekea mlio. Mistari inapokatana, ndipo ndege alipo. Mwenzake wa kazi alikuwa ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika. Akabaki na mstari mmoja.

"Beau, weye unajua kugeuza antena," aliniambia, kama anavyoniita mimi shemeji yake, akiwa amekaa kwenye kiti changu.

"Antena ya televizio. Ya ku nyumba."

"Antena ni antena. Siku ya mpira mutaa yote inakuitaka."

Hapo alisema kweli. Ninyi ni mashahidi. Nani anapanda juu ya bati? Nani anashika bomba la antena na kuuliza "Sasa?", na ninyi mnapiga kelele kutoka sebuleni "Bado!", "Sasa?", "Imekuja! Imepotea! Rudisha!", mpaka picha inakaa? Na picha ikikaa, sheria ya mtaa wetu wa Kampemba ni moja: usiguse tena.

"Aende," mke wangu alisema kutoka jikoni kabla sijajibu. "Nitafagia nyuma ya kiti yake, hata mara moja tu kabla nife."

Nilitaka kucheka, lakini nikamwangalia Donatien. Alikuwa hajagusa bukari, ugali wa mke wangu. Akanieleza. Kulikuwa na tai jike, yule mkubwa kuliko wote, wa kifua cheupe chenye madoa, ambaye wazee wetu wangemwita kipungu bila kuuliza zaidi. Alimfunga kisanduku mwenyewe, kwa mikono yake. Tangu hapo tai yule alimtesa kwa kuzurura. Leo huku ya mto Lufira, kesho kule, mara anapotea siku kumi na kusikika tena upande ambao hakuna aliyemtazamia. Na sasa, wiki tatu, mlio ulikuwa unatoka upande mmoja tu, kule kwenye mlima wa Kundelungu. Haukusogea hata kidogo.

"Yule hawezi kukaa fasi moja wiki tatu," alisema. "Kama anakaa, njo amekufa. Na betri ya kisanduku iko inaisha. Ikizima kabla nifike, sitajua kitu kamwe."

"Ukijua itakusaidia nini?"

Akaisukuma ile bukari kando. Nikaenda kutafuta viatu.

Kampemba mpaka Likasi

Barabara ya Likasi ni nzuri, kila mtu anasema, na mimi nakubali, maana nilipata muda wa kuitazama vizuri. Lori lilikuwa limelala katikati yake na mabamba ya shaba yamemwagika kama karata. Basi letu likakaa muda wa saa nne kwenye vumbi la Julai, na mwanzoni baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma masikio.

Antena ile nilikuwa nimeibeba mapajani. Ni fimbo yenye vidole vya bati vinavyotoka pande zote mbili, kama mfupa wa samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu. Kidole kimoja kilikuwa kinamchoma mama aliyekaa mbele yangu na beseni la visashi vikavu, wale viwavi. Kila basi liliporuka, nilimwomba msamaha. Mwishowe akageuka.

"Baba, iyi kamashini ni ya kutafuta kobalti?"

"Hapana, mama. Ni ya kutafuta ndege."

Basi zima likacheka. Sijawahi kuchekesha watu wengi hivyo kwa sentensi ya kweli. Mzee mmoja nyuma alifuta machozi na kusema, "Ndege! Muzuri sana. Na batu ba mugodi ya Ruashi nabo balikuwa banatafuta kuku."

Tangu hapo nilielewa jambo ambalo Donatien alikuwa amelisahau kwa kuzoea: katika nchi yetu, mtu akipita na chombo kinacholia, anatafuta mawe. Akisema hatafuti mawe, basi ameyapata.

Kwenye kizuizi cha njia, mwanajeshi aliishika antena, akaielekeza ardhini, akasubiri. Haikulia. Akaielekeza kwangu. Haikulia vilevile. "Hata weye hauna kitu," aliniambia kwa huruma, akaturudishia. Mama wa visashi alinipa kiganja kizima, bure, kwa ajili ya ile huruma. Nilivila mpaka Likasi, vina chumvi na moshi, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisahau kiti changu.

Likasi mpaka ziwani

Kutoka Likasi tulipanda gari la muuza samaki linalorudi tupu Mwadingusha, penye ziwa. Tupu ni neno lake. Tulikuwa sisi, mapipa, barafu iliyoyeyuka, na harufu ambayo mpaka leo mke wangu anaitafuta kwenye koti langu.

Tulifika ziwani kesho yake mchana. Sikujua kwamba Katanga ina maji mengi hivyo. Nimeishi karibu na maji haya maisha yangu yote, nikala samaki wake kila Ijumaa, na sikuwahi kujiuliza wanatoka wapi. Nilidhani wanatoka sokoni.

Tukala samaki mzima na bukari moto na pilipili mbichi iliyosagwa, kwenye kibanda cha mbao. Katikati ya kula nikasikia juu yangu sauti kali, ndefu, kama mtu anayecheka akirusha kichwa nyuma. Nikaangalia. Ndege mkubwa, kichwa cheupe, kifua cheupe. Nikasimama na bukari mkononi.

"Donatien! Njo yeye! Nimemupata! Yuko muzima!"

Watu wote wa kibanda waliacha kula. Donatien alitazama juu, akarudi kwenye samaki wake.

"Iyo ni tai wa samaki, beau. Biko mingi hapa kama kuku."

"Lakini ana kifua cheupe."

"Na weye uko na shati nyeupe."

Nilikaa. Mwenye kibanda, binti mnene mwenye kilemba cha njano, aliniongezea mchuzi bila kuombwa. Ninafikiri alinihesabu kama mgonjwa anayesindikizwa.

Baada ya chakula, Donatien alinivisha visikilizio masikioni na kuwasha mashine. Nilisikia shhhhh, kama mvua kwenye bati mbali. Nikageuza antena huku na huku. Mvua tu. "Bado iko mbali," alisema. Lakini niliona jinsi alivyokuwa ananiangalia usoni badala ya kuangalia antena, kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Kuvuka Lufira

Pikipiki mbili zilitufikisha mtoni, na mtumbwi ulikuwa ng'ambo. Mwenye mtumbwi alikuwa msibani. Tukasubiri mpaka jua likaegemea.

Hapo, tukiwa tumekaa kwenye magogo, Donatien alitoa mfukoni kipande cha mkanda mweusi na kunionyesha namna kisanduku kinavyofungwa: mikanda miwili inazunguka mabawa, inakutana kifuani, na pale kifuani inashonwa kwa uzi.

"Uzi wa pamba," alisema. "Kwa nini pamba? Sababu inaoza. Kisha mwaka, miaka mbili, inakatika, yote inaanguka, ndege anabaki huru. Na kama mukanda unashikwa na tawi, pamba inakatika mbio, hafi."

"Muzuri."

"Siku ile pamba ilikuwa imeisha."

Nikaangalia kile kipande mkononi mwake.

"Nilikuwa na tai mukononi, beau. Miezi tatu nilikuwa nimemutega. Nikisema namuachia nikatafute pamba, simuoni tena. Nikamushona na nailoni. Ile ya kuvua samaki." Alikuwa anakunja na kukunjua kile kipande. "Nailoni haiozi. Haikatike. Kama alishikwa ku tawi, ananing'inia pale tangu wiki tatu. Miye njo nilimufunga."

Sasa nilijua kwa nini hakugusa bukari kule kwangu. Nilitaka kumwambia neno zuri, lakini maneno mazuri kwangu huja nikiwa nyumbani, nimekaa, siku mbili baadaye.

"Na kama ni vile?" nikauliza.

"Kama ni vile, naacha kazi. Siwezi kugusa ndege tena."

Mtumbwi ulipokuja, ulikuwa na abiria mmoja, mwanaume mfupi wa mabega mapana, sepetu begani. Aliitwa Ilunga. Alikuwa amechimba Ruashi miaka mingi, akarudi kwao kulima, na kulima kukamchosha. Aliiona antena, akasahau kushuka. Mwenye mtumbwi alitupakia na kutuvusha pamoja naye, hivyo Ilunga akarudi ng'ambo aliyotoka.

"Baba zangu," alisema, "miye sitasumbua. Nitatembea nyuma. Nitawapikia. Fasi inalia, miye nachimba, tunagawa."

"Tunatafuta ndege," Donatien akasema.

"Eyo," Ilunga akajibu kwa heshima kubwa. "Ndege."

Chini ya Kundelungu

Mimi nilikuwa nadhani mlima ni kitu kinachopanda na kushuka. Kundelungu haufanyi hivyo. Mtu unatembea kwenye tambarare, na mbele yako ukuta umesimama kutoka upande mmoja wa macho mpaka mwingine, umekatwa juu kana kwamba mtu alipitisha kisu. Asubuhi una rangi ya majivu. Saa nne ni mwekundu. Nilisimama nikauangalia mpaka Ilunga akaniuliza kama mguu umeniuma.

Na hapo ndipo nilipousikia. Donatien aliniweka kwenye kichuguu kimoja, yeye akaenda kilima kimoja mbali na mashine na antena ya mwenzake, tukiwa tumekubaliana saa ya kusikiliza. Nilivaa visikilizio, nikainua antena, nikaanza kuzunguka polepole. Mvua kwenye bati. Mvua. Mvua. Kisha, ndani ya mvua, mbali sana: tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik.

Ndugu zangu, nimesikia redio maisha yangu yote, nimeuza nyaya zake. Lakini hakuna redio iliyowahi kunisemesha kutoka mgongoni mwa kiumbe. Kulikuwa na nchi nzima mbele yangu, miti isiyohesabika, na mahali fulani ndani yake kitu kidogo kama kiberiti kilikuwa kinasema niko hapa, niko hapa, na katika dunia yote ni watu wawili tu waliokuwa wanakisikia. Mmoja wao alikuwa mimi, Kabati. Nywele za mikono zilisimama.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kampemba, nilifanya alichofundishwa mtu wa Kampemba. Mlio ulipokuwa safi, nilisimama. Sikugusa tena. Nikaangalia dira, nikachora mstari, nikajivunia.

Mistari yetu ilikatana chini ya mwamba mmoja mweupe. Tulitembea nusu siku kwenye nyasi zinazokata, Donatien mbele, Ilunga nyuma akiimba. Tulipofika, hakukuwa na mti. Hakukuwa na unyoya. Mawe tu, na ukuta wa mwamba.

Ilunga alivua shati.

"Ilunga, hapana kitu hapa," nikamwambia.

"Baba, mistari mbili imekutana. Miye niliona ba-injenieri banafanya vile." Na akaanza kuchimba. Alichimba mpaka kiunoni. Alipata mzizi mmoja mnene na kidole kilichochubuka.

Donatien alinichukua pembeni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ulizunguka yote?"

"Nilisimama fasi ilikuja muzuri."

"Beau." Alifumba macho. "Sauti inapiga ku mwamba, inarudia. Ile ya kwanza inaweza kuwa uongo. Usisimame kwa sauti ya kwanza. Zunguka yote, mpaka unarudia fasi ulianza. Tafuta fasi inakufa kuume, tafuta fasi inakufa kushoto. Katikati njo yeye."

Tulikuwa tumepoteza siku nzima, na betri ile ilikuwa inaendelea kuisha. Nilikula sombe ya Ilunga, yale majani ya muhogo, jioni ile bila kuinua kichwa, ingawa ilikuwa nzuri kuliko ya nyumbani kwangu. Tafadhali karatasi hii isifike jikoni.

Ukutani na juu yake

Asubuhi Donatien aliamua tupande. Kutoka juu, alisema, hakuna mwamba wa kutudanganya, na mlio unafika mbali zaidi. Njia ya kupanda ni ya mbuzi, kama mbuzi wana roho ngumu. Nilipanda kwa mikono, miguu na majina ya watakatifu. Antena nilikuwa nimeifunga mgongoni, ikishika kila tawi, na kila iliposhika nilifikiria ule mkanda na ile nailoni.

Juu hakuna kitu. Sijui niwaelezeeje. Nyasi za dhahabu na upepo, zinaenda mpaka mwisho wa kuona, bila nyumba, bila mti, na mbingu iko chini, karibu ya kichwa, mtu unataka kuinama. Nyuma yetu, kule tulikotoka, Lufira ulikuwa uzi unaong'aa. Ilunga alivua kofia kana kwamba ameingia kanisani.

Tuligawana tena. Donatien alienda mbele kufuata ukingo. Mimi nikabaki kwenye jiwe bapa, na Ilunga pembeni yangu. Nilizunguka yote. Safari hii nilizunguka mara tatu, pole kama mtu anayegeuza nyama motoni. Nikatafuta panapokufa kuume, nikatafuta panapokufa kushoto. Katikati kulikuwa na korongo lenye miti mikubwa, chini kidogo ya ukingo. Tik. Tik. Tik. Wenye nguvu sasa, mpaka nilipunguza sauti.

Nikachora mstari. Lakini sikuvua visikilizio. Nilipenda kusikiliza tu. Na hapo, kati ya mlio na mlio, kitu kilitokea. Tik, tik, kisha tik dogo, kana kwamba mtu ameweka mkono juu yake. Dogo. Dogo. Kisha kubwa tena.

Nilishika pumzi. Mkono wangu haukuwa umetikisika. Nilikuwa nimeegemeza antena kwenye jiwe.

"Ilunga, usisogee."

"Sijasogea, baba. Kumelia dhahabu?"

Ilitokea mara moja tu. Nilisubiri mpaka shingo ikakakamaa, haikurudia. Donatien aliporudi na mstari wake, niliogopa kumwambia. Mtu aliyekupeleka kuchimba mzizi jana, leo anakuambia maiti imegeuka? Lakini nilimwambia.

"Ni mukono yako," alisema.

"Haikuwa mukono."

"Ni upepo. Ni betri inakufa." Kisha akasema polepole, kama anayejifungia mlango, "Beau, usinipe tumaini."

Mistari ilikatana kwenye lile korongo. Tulitambaa ukingoni kwa matumbo, watu watatu wazima na sepetu moja. Donatien alisema tusishuke. Kama yuko hai, akituona karibu anaweza kuacha kila kitu na kwenda. Chini yetu, mbali kiasi cha uwanja wa mpira, ulisimama mti mrefu kuliko yote, na katika panda yake rundo la vijiti kubwa kama kitanda cha ndoa. Tulikuwa tunaliangalia kutoka juu.

Donatien alikuwa na darubini, lakini hakuiinua. Aliishika tu. Nikaichukua taratibu kutoka mikononi mwake, ile iliyoshona ile nailoni. Nikaangalia matawi kwanza. Nilitafuta kitu kinachoning'inia. Nilizunguka mti wote, kuume, kushoto. Hakuna kitu kilichoning'inia. Kisha nikarudi katikati.

Mgongo wa kahawia, mpana kama mlango wa kabati. Nilidhani ni sehemu ya vijiti. Kisha kikageuka kichwa, na jicho la njano likaangalia juu, moja kwa moja, mpaka ndani ya kichwa changu. Nimeangaliwa na askari, na mapadri, na mama mkwe. Sijawahi kuangaliwa hivyo.

"Donatien," nikasema. "Amekaa."

"Amekaa vipi?"

"Amekaa sawa miye. Amekaa kwake."

Akaninyang'anya darubini. Aliangalia muda mrefu. Nilisikia anapumua kwa mdomo.

"Analalia yai," alisema. "Analalia yai! Njo maana hatembei! Banakaa vile mwezi na nusu, yeye na yai yake, dume analeta chakula." Kisha akaegemea mbele hivi kwamba Ilunga alimshika mkanda wa suruali. "Mukanda hauko. Mugongo iko tupu. Beau, hana kitu ku mugongo!"

"Na inalia wapi?"

Tai aliinuka. Ndiyo, aliinuka, akasimama pembeni ya kitanda chake, akanyoosha bawa moja ambalo lilikuwa halimaliziki. Katikati ya majani mabichi likaonekana yai moja, jeupe. Na karibu na yai, umefumwa kati ya vijiti, ukatoka waya mwembamba kama bua la nyasi, na kipande cha mkanda mweusi.

Alikuwa ameikata. Ile nailoni isiyooza, isiyokatika, aliikata kwa mdomo wake siku aliyochoka nayo, kisha akatandikia kitanda chake. Aliinama, akasogeza yai kwa uangalifu ambao sikuujua kwa kucha kama zile, akalala tena juu ya kila kitu: yai, kisanduku, kosa la Donatien. Nikaweka sikio moja kwenye visikilizio wakati anajigeuza kufunika kisanduku, kisha anajisogeza. Tik dogo. Dogo. Dogo. Kisha kubwa.

"Njo ile," nikasema. "Njo ile nilisikia."

Nikampa kisikilizio kimoja. Donatien alisikia, akaweka paji la uso juu ya jiwe na kulia, bila sauti, mabega tu. Mimi na Ilunga tuliangalia upande mwingine, kama inavyofaa.

Baadaye Ilunga alivuta shati langu.

"Baba, kumbe ilikuwa ndege."

"Tulikuambia."

"Banasemaka bintu mingi." Aliomba kusikiliza. Tukamvisha visikilizio kwenye kile kichwa kipana, akakaa hivyo, mdomo wazi, mpaka jua lilipohama. Alipovivua alisema: "Na batu ba kule chini, baliona mimi nafuata mashini. Kesho bote bataleta sepetu hapa. Batakata na muti."

Hilo hatukulifikiria.

"Muache," Ilunga akasema, akasimama na kukung'uta magoti. "Nitabaonyesha ile shimo nilichimba. Nitasema mashini yenu iko bovu, na uyu baba wa Lubumbashi hajue kitu. Bataamini mbio. Balimuona anapanda mulima."

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kusema. Watu wa mtoni walinicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na nilikubali kichwa chini, kwa moyo wote. Kwenye kibanda cha ziwani Donatien alikula samaki wawili.

Nyumbani nilikuta mke wangu amefagia nyuma ya kiti. Nilikaa siku nne.

Jumapili ile, asubuhi, Donatien alipiga simu kutoka huko huko chini ya ukuta. Alikuwa amerudi na mwenzake wa mguu uliovunjika, aliyebebwa kwenye pikipiki na magongo yake.

"Imezima," aliniambia. "Tangu jana. Mvua tu."

"Na sasa hujui kama bado yuko?"

"Sijue kitu."

"Na weye uko namna gani?"

Akacheka, kitu ambacho sijakisikia kwake tangu harusi yetu. "Niko nalala, beau. Na nimenunua uzi wa pamba, sanduku mzima."

Mchana mkaniita kwa ajili ya mpira. Nilipanda juu ya bati, nikashika bomba. "Sasa?" nikauliza. "Imekuja!" mkajibu, na kwa sheria yetu nilipaswa kuacha. Lakini mkono ulikataa. Nikaendelea kuzunguka, polepole, kuume, kushoto, picha ikapotea, mkanitukana mama na bibi, na hapo, juu sana, upande wa Ruashi, juu ya moshi na mabati mapya, nikaona kitu cheusi kinazunguka nacho bila kupiga bawa. Sijui alikuwa nani. Kama alikuwa na kisanduku au hakuwa nacho, macho yangu hayafiki. Najua tu kwamba alikuwa anaenda mbali, na kwamba mahali fulani alikuwa na kwao. Nikamwelekezea antena ya televizio ambayo haisikii kitu, nikasimama hivyo.

Bao likaingia, nasikia lilikuwa zuri. Chini mlikuwa mnapiga kelele, mpaka maneno yangu mkayachukua: "Kabati! Sasa? Sasa?"

Ndiyo. Ilikuwa sasa. Mngetoka tu nje muangalie juu.